Abiria Saba Mtumbwini

Adhieu, jirani yetu hapa mtaani Gurei, alilelewa Nakuru, na ukimletea habari za mizimu atakucheka mpaka uone haya. Ni askari wa wanyamapori kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa, upande wa Rejaf, hifadhi ambako watu huenda kutazama ndege. Jumamosi hiyo shule zilikuwa zimefungwa, akaenda kazini na mwanawe Both, wa miaka sita.

Walivuka na wageni watano wa hoteli moja mjini. Wakatazama korongo, wakala sambusa, wakapiga picha weee. Saa tisa alasiri wote walirudi mtumbwini, na Adhieu akafanya alivyofundishwa kozini: akaanza kuhesabu abiria kwa sauti, akimgusa kila mmoja bega.

Morris, mwenye mtumbwi, akamshika mkono. "Dada, hapa watu hawahesabu watu na mdomo."

"Ni sheria ya kazi, Morris."

Walikuja abiria sita, Both akiwamo. Akahesabu. Saba.

Akarudia. Saba tena. Wageni walikuwa wale wale watano. Both alikuwa ameketi mbele. Both alikuwa ameketi nyuma.

Shati lile lile. Kovu lile lile gotini. Josline, mmoja wa wageni, akaanza kusali chini kwa chini.

"Umeita kwa kuhesabu, imekuja," Morris alinong'ona. "Moja ishuke, khalas, basi. Na zote mbili hatufiki ng'ambo."

Maji yalikuwa yakiingia mtumbwini, na tundu halikuwapo.

Adhieu akauliza jina la nyanya yake Both. Wakajibu wote wawili. Kwa pamoja.

Wa nyuma akaangua kilio, akamng'ang'ania kiuno. Mama gani atamwacha anayelia? Mimi simlaumu. Akamkumbatia huyo, kisha akamwambia wa mbele: "Shuka, baba."

Akashuka. Hakubisha.

Siku mbili Both alikula, akacheza, akalala vizuri. Adhieu akaanza kupumua.

Jumatatu alirudi kisiwani. Hapakuwa na mtu. Lakini mchanga, kuanzia gatini hadi chini ya miti, ulikuwa umejaa maandishi ya kijiti: namba yake ya simu, ile aliyomfundisha Both aiandike popote akipotea. Mstari baada ya mstari. Hakuna tarakimu iliyokosewa.

Mstari wa mwisho ulielekea ziwani, ukaingia majini kabla namba haijaisha.