Piga Zote za Kaanaeli

— Nipe "piga" nyingine, Kaanaeli.

— Kupiga hodi.

— Hapo anapigwa nani?

— Hapigwi mtu, jamani! Unaomba kuingia tu.

Lerionka alicheka, miguu ikining'inia ndani ya mfereji. Ukungu wa Meru ulikuwa umewafunika hata hawakujua kama ni asubuhi bado au mchana umefika. Yeye kijana Mwarusha, Kaanaeli msichana Mmeru. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Kaanaeli alifundishwa misheni. Lerionka alikiokota akibebeshwa mawe ya boma la Wajerumani, na huko "piga" ilikuwa moja tu, ya kiboko.

— Nyingine.

— Kupiga mluzi, unavyoniita kule migombani. Kupiga soga, kama sasa, na maji sijateka.

— Kumbe neno lenyewe halina ubaya!

Kaanaeli alitazama mgongo wa Lerionka, akatamani kuweka neno zuri juu ya kila kovu. Alimpenda, basi. Alimpenda mpaka akasahau alikotoka na alikotumwa.

— Kesho wanaleta pombe nyumbani, alisema polepole. Ya posa, ya Sadoki.

Lerionka akaacha kucheka.

— Baba ataniuliza mbele ya wazee kama wainywe. Nikikubali, nimeolewa.

— Ukikataa?

— Nitamwaibisha. Labda atanifukuza.

Kesho yake vibuyu vya pombe ya ndizi vilipangwa uani. Sadoki alikuwa mtu mzima, ana ng'ombe na adabu zake, hana kosa. Wazee walikuwa wameshalamba midomo.

— Mwanangu, baba aliuliza, tuinywe?

— Msiinywe, baba.

Mjomba akaruka:

— Una wazimu wewe?

— Nampenda Lerionka, mtu wa Arusha.

— Yule aliyewajengea Wajerumani boma? baba aliuliza.

— Alibebeshwa mawe, baba. Kama wewe ulivyobebeshwa.

Baba alijishika bega lake la kulia, lile lisilonyooka tena tangu siku zile, akaliminya kitambo kirefu. Kisha akamgeukia Sadoki.

— Ndugu yangu, nisamehe. Chukueni pombe yenu.

Wazee wakaguna kwa uchungu, vibuyu vikiondoka vimejaa.

Kaanaeli alilia palepale, bila haya, na baba yake akamwacha alie kwanza.

— Mwambie Lerionka baba yake alete asali ya posa, alisema mwishowe. Na iwe nyingi. Unaona wazee hawa nilivyowakosesha pombe.