Nyumba ya Kamba za Migomba

Kila alasiri, akitoka shule, Bulonza alipitia mtaa wa Nyalukemba, kwenye kiwanja ambacho mama yake alikuwa amekiomba serikalini. Hapakuwa na kitu pale ila majani na mteremko wa kushuka ziwani. Lakini Bulonza alikuwa amekwisha kujenga. Kwa kamba za migomba alizotandaza chini alipata sebule, jiko na chumba chake mwenyewe. Alilala chali ndani ya chumba hicho, mawingu yakawa dari, na kisiwa cha Idjwi kikaelea kwa mbali katika ukungu. Hapo hata ungemwita mara tatu, asingesikia.

Kuchimba hata shimo moja kulikatazwa kabla hati ya kiwanja haijatoka. "Usiguse udongo mbele karatasi itoke," mama alimwambia. Mama Bulonza, mshonaji hodari, alikuwa amemkabidhi shughuli ya karatasi wakili Mushagalusa, bwana mpole wa kuvaa suti ya abakosti isiyo na tai, ambaye mtaani wote walimwita Papa Avoka, yaani Baba Wakili. Kila Jumamosi mama na binti walimpelekea matunda ya maracuja. Walisalimiana, wakazungumza habari za mvua na za watoto, kisha wakaaga. Kumuuliza msomi kazi yake imefika wapi? Thubutu! Mama aliona huko ni kumvunjia heshima.

Alasiri moja Bulonza alimkuta mtu wa ofisi ya ardhi amesimama katikati ya sebule yake. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba kiwanja kisichojengwa hurudi serikalini, na kwamba mwezi ukiisha, hiki atapewa mtu mwingine. Bulonza alifika nyumbani analia, akamsimulia mama.

Jumamosi walikwenda kwa wakili kama kawaida. Mama alikuwa na hofu tele, lakini bado alianza na mvua, akaendelea na watoto. Alipoinuka kuaga, Bulonza alishindwa kuvumilia.

"Papa Avoka, karatasi yetu itatoka lini? Tunaogopa kujenga, na kiwanja wanataka kukichukua."

Wakili alimgeukia mama kwa mshangao. "Maman, kontra ya kwanza, ile karatasi ya kiwanja, ilitoka tangu kiangazi. Muko na ruhusa ya kujenga. Nilizani munakuyaka hapa kila Jumamosi kunishukuru."

"Na mimi nilizani utaniambia," mama alijibu kwa sauti ndogo.

Wakili aliona haya. Alikiri kuwa kosa ni lake, kwani alipaswa kuwaita siku ileile na kuwaeleza kwa Kiswahili masharti yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Jumatatu aliwasindikiza mwenyewe ofisi ya ardhi, akawaombea muda. Walikubaliwa, ila waanze kujenga mara moja.

Msingi ulipoanza kuchimbwa, wakili alikuja kuona.

"Maman," alisema, "ukimupa mutu kazi yako, uko na haki ya kujua imefika wapi, itakugarimu nini, na ile karatasi unatia sahihi inasema nini. Heshima haikatazi kuuliza. Uniulize hata mara kumi."

Mama akacheka. Alisema kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa kubeba maracuja kimya kimya huku kiwanja kinakwenda. Kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amelala chali katikati ya kamba zake, palepale pa siku zote.

"Na weye, Bulonza, dirisha yako itaangalia wapi?"

Bulonza aliinua mkono bila kuinuka, akaonyesha Idjwi.