Kisanduku Kilichozibwa Chini

Kisanduku cha kuchajia gari lao la umeme kilianza kutoka jasho siku ya jua kali. Kilikuwa ukutani kwa nje, hatua moja kutoka dirisha la chumba cha mtoto. Mama Kasuku alikiona akianika nguo alizowashonea wateja wake, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Akakipangusa kwa kitambaa. Kikalowa tena palepale, na kitambaa kikanuka nywele zilizoungua.

"Baba Kasuku, njoo uone."

"Najua," akajibu mumewe kutoka ndani, bila kunyanyuka.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Majirani wakamwita Bwana Najua, naye, kichwa maji yule, akadhani anasifiwa. Miezi miwili nyuma, fundi umeme aliyekifunga kisanduku kile alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzima, kwamba kisanduku cha nje huzibwa kwa silikoni, ile gundi ya mpira, juu na ubavuni, lakini ukingo wa chini huachwa wazi. Kinachoingia lazima kipate pa kutokea. Bwana Najua akacheka mpaka akakohoa.

"Kazi nusu nusu hiyo! Unaniachia mlango wa mende?"

Fundi akaenda zake. Jioni ile ikashuka mvua ya kupasua mabati, na ilipotulia tu, mjuaji akatoka na tyubu nzima ya silikoni, akaziba chini mpaka pasipite hata sindano. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Mbona hatuambiwi kuwa mara nyingi guu linalovunjika ni la mwingine?

Maana tangu hapo aliyeteseka ni Kasuku, binti yao wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila gari lilipochomekwa, mtoto alikosa pumzi. Hospitali walimpima wakamrudisha, mapafu safi. Baba yake akasema ni mafua. Mama yake akameza hasira, kama alivyozoea kuimeza kwa miaka tisa, na ilikuwa imeshamkaba.

Jumapili moja mchana gari likachomekwa, na Kasuku akaanguka sebuleni, midomo rangi ya majivu. Mama akakimbia nje kuchomoa waya. Waya haukutoka. Akazima swichi kubwa ya nyumba. Friji likanyamaza, feni ikasimama, lakini taa ya kisanduku ikaendelea kuwaka. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akaambiwa asubiri. Akampigia fundi, ambaye alikaa mtaa wa pili.

Fundi alifika akihema. Akaweka sikio kwenye kisanduku, akalitoa haraka, akavua kofia yake ya kazi.

"Mama Kasuku," akanong'ona, "humu mna kitu kinapumua, kinakwaruza."

"Kitu gani, fundi?"

"Si cha kutajwa kikiwa karibu hivi. Nani alipaziba hapa chini?"

Wote wawili wakamgeukia Bwana Najua, aliyesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba, nakusihi, pafungue kwa mkono wako mwenyewe," fundi akasema. "Na umwombe radhi."

"Nimwombe radhi nani? Silikoni? Wewe umeitwa kutengeneza umeme au kupunga mashetani? Hapo hapaguswi!"

"Mtoto anakata roho," mkewe akasema, kwa sauti ya chini, kwa sababu mikwaruzo ndani ya kisanduku ilikuwa imenyamaza, kana kwamba wanasikilizwa.

"Najua mwanangu ana nini. Mafua!"

Akaingia ndani, akajifungia bafuni, akafungulia bomba ili asiwasikie.

Mama Kasuku hakubishana naye tena. Akatoa kwenye droo ya cherehani wembe wake wa kufumulia nguo, akapiga magoti chini ya kisanduku, akaanza kuifumua ile silikoni kama anavyofumua mshono uliokosewa, kidogo kidogo, na kila wembe uliposogea kwa upana wa ukucha, kitu mle ndani kilikwaruza kikiufuata, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani mpaka kooni, na nyuma yake akamsikia fundi, aliyempakata Kasuku kizingitini, akihesabu pumzi za mtoto kwa kunong'ona, tatu, kisha nne, na baada ya nne kukawa kimya kirefu kiasi kwamba alitaka kupiga yowe, lakini hakupiga, alizidi kukata.

Ukanda wa silikoni ukadondoka. Upepo wa moto ukampiga usoni. Kasuku akavuta pumzi ndefu, akaangua kilio, na mama yake hakuwahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Kisha mtu asiyeonekana akasema karibu na sikio lake, kwa adabu, huku sauti ikitetemeka kwa ghadhabu.

"Nilijikinga mvua tu, mama. Mvua tu. Hewa ya mle ilipoisha, nikavuta ya mwanao. Siku sitini. Nani aliniziba?"

Mama Kasuku akageuka kumtazama mwanawe. Ule upepo ukamzunguka, ukaanza kusogea kizingitini.

"Kama hamsemi, nitarudi kuvuta pale nilipozoea."

"Usimguse!" Alikuwa ameshasimama, wembe mkononi, na miaka tisa yote ikampanda kwa mpigo. "Ni baba yake. Yuko bafuni."

"Mama Kasuku!" fundi akashtuka.

"Bafuni," akarudia, safari hii kwa sauti kubwa. "Mlango wa mwisho, kulia."

Mapazia ya sebuleni yakapepea mara moja. Maji ya bomba yakakatika. Kitasa kikatikisika, kikatikisika tena, kisha ngumi zikaanza kuupiga mlango.

"Mke wangu! Humu hamna hewa! Nisamehe, nisikilize, nisamehe!"

Hakuwahi kulitamka neno hilo tangu amwoe. Fundi akanyanyuka na bisibisi yake, lakini Mama Kasuku akamshika shati.

"Keti, fundi."

"Atakufa yule!"

"Umeisikia hiyo sauti ilivyosema. Ukimfungulia yeye, itarudi kwa huyu."

Fundi akaketi. Ngumi za bafuni zikawa viganja, viganja vikawa kucha. Mama Kasuku akamchukua mwanawe, akamlaza kifuani, akamfunika masikio kwa mikono yote miwili.