Sura ya Kumi na Moja

"Ile hadithi uliyoiponda, umeisoma yote?" mchumba wangu aliniuliza, kichwa chake kikiwa ndani ya friji ya mteja.

"Yote," nilimjibu bila hata kupepesa macho.

Nilikuwa naongopa.

Nina ukurasa wenye wafuasi elfu tisa. Kila Ijumaa nawapendekezea hadithi moja kati ya zile ambazo mashabiki wa tamthilia hutunga wenyewe, wakiwachukua wahusika wanaowapenda na kuwapa maisha mengine. Nyingi ni pumba. Watu wananiamini kwa sababu naanzia sura ya katikati, maana mwanzoni kila mtu anajipamba, kisha nasoma mpaka neno la mwisho.

Wiki ile nilikuwa hoi. Nilisoma sura ya kwanza tu ya hadithi ya daktari na muuguzi, nikaandika: "Msipoteze bando. Mwandishi huyu hajawahi kupendwa." Watu mia nne wakacheka.

"Na sura ya kumi na moja umeionaje?"

"Ya kawaida tu, mpenzi."

Akatoa kichwa kwenye friji. Bisibisi akaiweka chini taratibu.

"Zipo kumi tu."

"Wewe umejuaje?"

"Nimeiandika mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka siku moja unisifie bila kujua ni mimi. Ya tano niliipania kweli, maana najua unaanzia katikati." Akafuta mikono yake. "Nenda nyumbani, mama. Leo sina maneno."

Nilikwenda, nikaisoma yote. Sura ya kwanza ilikuwa mbovu kweli, sitaficha. Lakini ya tano! Daktari anaamka alfajiri kumpashia moto maji ya kuoga muuguzi aliyevimba miguu, kisha anajifanya amelala ili asishukuriwe. Mimi ndiye niliyevimba miguu mwaka jana, nikauguzwa kwake, kila asubuhi nikikuta maji ya moto. Kumbe mchumba wangu hakuwa amelala. Nililia mpaka kamasi.

Nikaandika kwenye ukurasa: "Niliponda hadithi sijaisoma. Niliwadanganya, na nilimuumiza mtu anayenipenda. Isomeni, anzieni ya tano." Wafuasi mia mbili wakaondoka. Wana haki.

Mchumba wangu hakunitafuta. Simu hapokei, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi nikafanya wanachofanya mashabiki: nikachukua watu wake, nikatunga sura ya kumi na moja. Muuguzi anakiri kwamba alimcheka daktari mbele za watu, anakwenda kwake kuomba radhi, hajui kama atafunguliwa. Nikamtumia.

Saa nzima ikapita. Ujumbe ukaingia:

"Nimeisoma yote."

"Kweli?"

"Mpaka neno la mwisho. Mimi siongopi."

Ilinichoma, na nilistahili.

"Umeionaje?"

"Haijaisha. Umemwacha dada wa watu amesimama mlangoni."

"Nimeshindwa kuendelea. Hapo nilipo ndipo alipo."

Nikasikia komeo la mlango wake likifunguliwa kwa ndani.