Mguu wa Apolline na Mbuzi Wanne

Ndugu zangu wa Wamaza na wa Lusangi, na ninyi mnaosoma huko Kasongo, sogezeni viti. Nitawasimulia habari ya nyumba moja ya kwetu. Mkicheka njiani sitawazuia, hata wenyewe wanacheka sasa. Ila msicheke mpaka mkasahau kwamba tunazungumza juu ya mguu wa mtu.

Gaston na mkewe Apolline wana shamba la karanga mlimani, nyuma ya Wamaza. Asubuhi ile ya soko Apolline alikuwa anafunga gunia, na Gaston amekaa kwenye kigoda akinywa chai ya mchaichai, kazi yake ikiwa ni kumsumbua tu.

"Hiyo kamba unaifunga kama vile unafunga mwizi," alisema.

"Mwizi iko kwenye kigoda, anakunywa chai ya watu."

"Basi nenda, bibi yangu. Uniletee chumvi."

"Na sabuni. Tangu juzi unanuka moshi."

Ndivyo walivyokuwa tangu waoane, miaka tisa. Mgeni akipita angedhani wanagombana.

Apolline alipanda nyuma ya pikipiki ya Musafiri, ambaye hubeba abiria kwenye njia ya Lusangi. Kwenye mteremko unaoshuka kwenye daraja la magogo, gari la Salomon, mnunuzi wa madini, jipu kubwa, lilitokea kwenye kona likiwa katikati ya njia. Musafiri alitupwa majanini akaamka na mikwaruzo. Apolline aliangukiwa na pikipiki, na mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Tumpe haki yake, Salomon hakukimbia. Alimpakia Apolline ndani ya jipu lake na kumrudisha Wamaza, huku akimwomba Musafiri kwa sauti ya taratibu asiwasumbue polisi kwa jambo dogo. Musafiri hakuwa na karatasi za pikipiki, basi akanyamaza, akaenda kujificha kwa dada yake.

Muuguzi wetu, Dieudonnée, aliufunga mguu kwa mbao na bendeji. Kisha akamwita Gaston pembeni.

"Baba, mimi hapa sina mashine ya kupiga picha. Huu muguu unataka Kasongo, kwa daktari wa kupasua. Na upesi. Mufupa haungojee mutu. Utajiunga wenyewe, na utajiunga vibaya."

"Nitamufikisha na nini?"

"Mwenye kumugonga ndiye atoe. Gari yake inapashwa kuwa na asiransi, bima ya ajali, ni sheria. Tafuta avoka. Kule Kasongo iko mwanamuke mumoja, Maître Laetitia. Anajua mambo ya ajali."

Gaston alimshukuru, akarudi nyumbani, na neno hilo avoka, yaani wakili, likamkaa mdomoni kama nyama ngumu. Avoka ni mtu wa mjini. Ukimwona avoka umeshafanya kosa, au shemeji yako amelifanya. Na zaidi ya hayo, ukoo wao ulikuwa na msemaji wake tayari.

Huyo ni Bulaimu, mjomba wa Gaston. Kama hamumjui Bulaimu, basi hamjaoa katika Kabambare. Ndiye anayetumwa kusema mahari. Ana kanzu ya kazi hiyo, ana kikohozi cha kazi hiyo, na anaweza kumfanya baba wa msichana alie machozi huku anapunguza bei. Apolline mwenyewe alifika kwa Gaston kwa ulimi wa Bulaimu. Ukoo ulipokaa, hakuna aliyebishana.

"Avoka simujui, naye hanijui," alisema Gaston. "Mujomba alinipatia huyu bibi. Atashindwa muguu mumoja?"

Tulipiga makofi. Ndiyo, na mimi nilikuwemo, mimi ambaye nimekwisha kudanganywa mara mbili na watu wa maneno mazuri. Akili hainunuliwi kwa kuumia peke yake, inaonekana.

Apolline alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha ndani, anasikia yote kupitia pazia. Hakuna aliyemuuliza. Mnajua desturi: siku ya mahari msichana hukaa ndani, bwana-arusi hukaa kimya, na wasemaji husema.

Basi walikwenda Lusangi, kwa Salomon, na desturi ile ile. Bulaimu alivaa kanzu. Gaston alikaa nyuma yake, kichwa chini, mikono magotini, kama bwana-arusi.

"Ndugu Salomon," alianza Bulaimu baada ya kukohoa, "sisi hatukuja na ugomvi. Njia imetukutanisha. Tumekuja kuzaa undugu."

Salomon ni mfanyabiashara. Alichukua dakika moja kuelewa bahati iliyoingia mlangoni kwake, akaagiza chai.

"Wababa, nimefurahi. Museme."

"Mbuzi nane. Na beberu juu yake."

"Niko na wanne leo. Wengine watakuja, tumeshakuwa ndugu."

Bulaimu alimgeukia Gaston akamkonyeza. Kwetu mahari haimalizwi siku moja. Msemaji anayejua kazi hubakisha kidogo upande wa pili, makusudi, ili familia zisiache kutembeleana. Anayedai yote mara moja tunamwona mtu asiye na malezi. Kwa hiyo pale mjomba alijisifu moyoni: amechukua wanne, amebakisha watano, na ameacha mlango wazi.

Salomon alileta karatasi ya Kifaransa, mistari kumi. Bulaimu aliiona kuwa orodha ya vitu, kama ile ya harusi, akaweka saini yenye mkia mrefu. Gaston hakusema neno. Desturi ilimkataza.

Mbuzi walipofika Wamaza, tuliwapokea kwa wimbo. Gaston aliingia chumbani na uso wa furaha. Apolline alimtazama, akamtoa jani lililonasa kwenye nywele.

"Bwana yangu, hawa mbuzi njo watanibeba mpaka Kasongo?"

Gaston alicheka. Kisha akaona kwamba bibi yake hacheki.

"Wengine watakuja," alisema.

"Muguu unaniuma leo."

Alikaa naye pale chini mpaka jioni, akimpepea, wala hakwenda kusikiliza wimbo tuliokuwa tunamwimbia.

Wiki ya tatu ilipita. Gaston alikwenda Lusangi kudai yaliyobaki. Salomon hakuwapo, ila karani wake alikuwapo, na karatasi ilikuwapo. Karani aliisoma kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayemhurumia mwenzake: familia imeridhika kabisa, haitadai kitu kingine, haitakwenda mbele ya sheria, leo wala siku nyingine.

Gaston alirudi kwa miguu. Njia ni ndefu, na aliimaliza bila kumsalimia mtu. Alipofika alimwambia Apolline kila neno. Wapo wanaume ambao wangeficha.

"Usikae na aibu mulangoni," alisema Apolline. "Ingia. Uza mbuzi. Unipeleke."

Mbuzi wanne walitosha kwa safari na kwa kupokelewa hospitali. Huko Kasongo daktari alitazama picha ya mfupa akakuna shingo. Umejiunga, alisema, lakini umejiunga upande. Lazima uvunjwe tena, uwekewe chuma. Vyuma havipo hapa, huagizwa, na huagizwa na anayeweza kulipa. Bila hivyo atatembea na fimbo mbili maisha yake yote, na goti nalo litaharibika.

Ndipo Gaston akakumbuka neno la Dieudonnée. Akaenda tribinali, kwenye mahakama, kumuulizia yule avoka, lakini kabla hajavuka mlango alikamatwa mkono na bwana mmoja mwenye tai nyekundu na mkoba.

"Ajali? Papa, umeshapona. Mimi ushindi ninakupa mwezi huu. Wewe weka saini hapa, mengine unaniachia."

Kifaransa chake kilimwagika kama mvua. Gaston alihisi moyo unatulia, kama ulivyotulia siku ile Bulaimu alipokohoa. Na kwa sababu ulitulia vile vile, aliogopa.

"Kwanza uje umuone bibi yangu," alisema.

"Kumuona kwa nini? Mimi siyo daktari."

Gaston alirudi kumsimulia Apolline. "Asiyetaka kuniona," alisema Apolline, "atasema juu ya muguu gani? Mutafute yule wa Dieudonnée."

Maître Laetitia alifika kesho yake, na viatu vyenye vumbi na daftari la shule. Alimsalimia Gaston, akampita, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Apolline, mimi naitwa Laetitia. Hii kadi ni karte yangu ya avoka, uishike. Sasa uniambie. Jipu ilikuwa upande gani?"

Apolline alijiinua kidogo kwenye mto. Tangu siku ya ajali mamia ya maneno yalikuwa yamesemwa juu ya mguu wake, na hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa yeye. Akaeleza kona, daraja, nani alikuwa wapi. Akaeleza pia mlima wa shamba, na kwamba karanga hazipandwi kwa kukaa. Laetitia aliandika yote.

"Mutashinda?" aliuliza Gaston.

"Sijui, baba. Polisi hawakuitwa, na hiyo ni mbaya kwetu. Shahidi amejificha, na hiyo pia ni mbaya. Malipo yangu iko hapa kwa maandishi, muuguzi wa hapa awasomee kabla ya kuweka saini. Lakini kitu kimoja niambieni. Ile karatasi ya Lusangi, nani aliweka saini?"

"Mujomba."

"Mama Apolline, wewe ulimutuma?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia."

Laetitia alifunga kalamu. "Basi aliuza kisichokuwa chake. Musafiri mutaniletea, nitazungumza naye juu ya karatasi zake. Ila nitamuhitaji mujomba. Lazima aseme mbele ya juge, hakimu, kwamba hakuwa na ruhusa."

Hapo palikuwa pagumu, wasomaji wangu. Musafiri alikubali baada ya kuombwa mara mbili. Lakini kumwomba Bulaimu! Mtu ambaye mkate wake ni ulimi wake, umwambie asimame mbele ya Kasongo nzima akiri kwamba ulimi ule ulikosea? Gaston alikwenda kwake, akasema kwa maneno machache, akangoja matusi. Bulaimu aliuliza jambo moja tu: kama ni kweli mfupa utavunjwa tena.

Siku ya kesi alikuja bila kanzu, na shati la shambani.

"Mukubwa juge," alisema, na hakukohoa, "mimi ni mutu wa kuozesha. Niliona muguu nikafikiri ni bibi-arusi. Nilibakisha mbuzi kule makusudi, tuendelee kuwa ndugu. Ile karatasi sikuielewa, nilikuwa na haya kuuliza. Na mwenye muguu hakunituma. Alikuwa ndani analia, sisi tunaimba."

Wengine walicheka. Juge hakucheka. Alisema karatasi ile haimfungi Apolline, kwa kuwa hakuiwekea saini wala hakumpa mtu ruhusa. Miezi ilipita na barua zikaenda na kurudi, mpaka asiransi na Salomon wakalipa matibabu na fidia ya shamba lisilolimwa. Vyuma vilikuja. Mfupa ulivunjwa tena, ukanyooshwa. Tangu siku ya ajali ilikuwa miezi kumi na moja.

Apolline anatembea. Mguu wa kulia umefupika kwa upana wa vidole viwili, mlimani hapandi tena, na Gaston hulima peke yake. Bulaimu alijifungia nyumbani, akakataa kusema mahari za watu wawili. Siku Apolline alipoacha fimbo, matembezi yake ya kwanza hayakuwa sokoni wala kanisani. Alichechemea hadi uani kwa mjomba.

"Mujomba, binti wa jirani yetu Nathanaël anaolewa mwezi ujao. Wakwe wanatoka Kabambare mjini, na wanasema sana. Nani atawanyamazisha?"

Bulaimu alimtolea kiti chake mwenyewe. Kisha akaingia ndani kutafuta kanzu yake ya kazi.

MAFUNZO

Ukigongwa barabarani, jambo hilo siyo harusi. Aliyekugonga anaweza kuwa mtu mwema, akakuletea sukari na machozi ya kweli, lakini hajawa mkwe wako. Ita polisi waandike, shika majina ya walioona, nenda hospitali usingoje mbuzi. Karatasi usiyoielewa isipate saini yako, hata kama haya inakusukuma mgongoni.

Kisha chagua wa kukusemea. Usimchague kwa sababu ni ndugu, wala kwa tai, wala kwa Kifaransa kinachomwagika. Muombe karte yake ya avoka. Muulize amewahi kushughulikia ajali ngapi. Malipo yake yawe kwa maandishi. Akikuahidi ushindi kabla hajakuuliza chochote, muage kwa heshima. Yule anayekwambia na mabaya ya kesi yako, huyo ndiye wa kukaa naye. Na kabla ya yote, aliyeumia aulizwe, awe mwanamke, awe mtoto, awe nyuma ya pazia gani.

Watu wakimwona Apolline anachechemea husema ni jipu la Salomon. Mimi nilikuwapo, najua zaidi. Jipu lilivunja mfupa siku moja. Ule upande uliojiunga vibaya, tuliutengeneza sisi, wiki baada ya wiki, tukiwa tunaimba.