Fundi Turubai Aulizwe Kwanza

Jumamosi asubuhi, katikati ya kelele za soko la Singida mjini, Aneth alimbwagia Chediel turubai miguuni kabla hata ya salamu. Alivaa gauni la bluu lililobana kiuno na kilemba cha njano. Mikono yake ilinukia alizeti.

"Fundi, linavuja. Kiraka cha mwisho kimechanika pembeni."

"Aliyekiweka hakujali, dada. Turubai laini, kiraka kigumu! Lazima kivute."

"Na wewe mbona unaniangalia mimi badala ya turubai?"

"Turubai nimeshalielewa."

Basi, wakapendana. Miezi saba ya kupigiana simu, "Umekula, mpenzi?" Kisha kichwa kikaanza kumsumbua Aneth, na wiki moja akawa hapatikani kabisa. Chediel akampigia Scola, dada yake Aneth, ambaye hakuwahi kusikia habari za Chediel.

"Yuko hospitali, Dodoma. Nesi anasema mumewe ameandikwa kwenye faili, hata mimi simjui. Kwani wewe nani?"

Mume! Chediel alikata simu. Siku mbili alishona turubai lilelile, akalifumua, akalishona tena. Alimpenda Aneth, alimchukia, hakujua ashike lipi.

Siku ya tatu ikaingia namba ngeni. Alikuwa daktari.

"Naongea na Chediel, mume wa Aneth?"

"Mume... mimi?"

"Ndivyo alivyoandika. Ana uvimbe umeshika utando unaofunika ubongo. Tutautoa pamoja na kipande cha huo utando, tuzibe kwa utando wa bandia. Ila amegoma kusaini mpaka fundi wake aulizwe."

Chediel akakaa chini. Hakuelewa kitu, lakini swali la kazi lilimtoka lenyewe.

"Hicho kiraka ni laini? Hakitavuta pembeni?"

"Ni laini, kinafuata umbo la ubongo. Tunakishona kwa uzi mwembamba sana."

"Na maji ya kichwani hayatavuja?"

"Mara chache huvuja. Ikitokea, tutaziba tena. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Chediel alimwamini kwa jibu hilo. Hata yeye hajawahi kumwahidi mteja kwamba turubai litashinda kila mvua. "Nipe Aneth."

"Fundi wangu," sauti ilikuwa dhaifu. "Umekasirika? Niliogopa ukijua naumwa utanikimbia. Halafu wakaniuliza mume wangu ni nani, nikajikuta nakutaja."

"Aneth, siku mbili nimemchukia huyo mume mpaka nimekonda. Kumbe ni mimi!"

Aneth alicheka, akalia, vyote pamoja. "Sasa huyo mume anasemaje?"

Chediel alikuwa ameshaacha sindano ikining'inia kwenye turubai la mtu, anatafuta viatu.

"Anasema saini, mke wangu. Napanda basi sasa hivi. Ukiamka utanikuta, kisha twende kwenu Kinampanda nikamwamkie baba yako kama mkwe."

"Na nisipoamka?"

"Nitakaa hapohapo mpaka uamke."

Chediel akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.