Mkono Ulioruka Kamba

Asubuhi, kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu alikunywa chai, akatafuta soksi iliyopotea, kisha akamfunga shangazi yake mkono.

Usishtuke. Alimfunga kwa wema. Mkono wa kushoto wa shangazi yake, ule mzima, aliuvalisha glovu nene kama ya kushikia sufuria ya moto, akaikaza kamba yake. Mkono wa kulia, ule uliolegea, aliuvika kifaa kidogo cheusi kilichofanana na saa. Sisi tulikiita bangili.

"Si unaikaza mno, mwanangu?" shangazi yake alilalamika.

"Nikiilegeza unaichomoa kwa meno, Shangazi. Nakujua."

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi fundi viatu, binti yangu msusi, na huyu mjukuu, mtoto wa mwanangu wa kiume ambaye yeye na mkewe wanafanya kazi mbali. Yuko darasa la sita. Tulimbandika jina la Chanuo kwa sababu tangu alipojua kutembea alikuwa akimshikia shangazi yake vifaa vya kusukia.

Na shangazi yake alikuwa msusi hasa. Wanawake walivuka mitaa mingine kumfuata. Mistari yake ilinyooka kama iliyopigwa rula. Siku moja, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, kitana kikamponyoka. Akainama kukiokota, mkono wa kulia ukakataa, mdomo ukaenda upande. Alikuwa amepata kiharusi. Mshipa wa damu ndani ya ubongo uliziba, na sehemu ya ubongo inayouamrisha mkono ule ikaumia.

Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi, ingawa aliuburuta. Mkono ulibaki umekunja vidole, kana kwamba umeshika kitu hautaki kukitoa.

Ndipo hospitali ikatuita. Walikuwa na utafiti kuhusu watu waliopata kiharusi. Walitaka kujua hivi: mkono mzima ukizuiwa, na ule dhaifu ukilazimishwa kufanya kazi kila siku, je, utarudi? Bangili ingepima mkono dhaifu unavyosogea, na kompyuta yao ingesoma.

Sikufichi, mimi sikutaka. Marehemu mke wangu aliugua uvimbe mgongoni. Tulizungushwa kutoka dirisha hili hadi lile, mwisho daktari akaniambia, "Mzee, uvimbe wa namna hii ni nadra sana. Hatuujui vizuri kwa sababu hakuna aliyewafuatilia walioupata kabla."

"Na nani aliwakataza kuwafuatilia?" nikamuuliza.

Akamwita mgonjwa mwingine. Wakubwa huwa hawajibu. Basi walipokuja na utafiti wao nikasema, "Leo ndiyo mmekumbuka?" Lakini binti yangu akanikatiza. "Baba, mkono ni wangu. Mimi nataka kusuka." Yakaisha.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye viatu visivyotoa sauti, alitueleza kwa subira. "Ubongo ni kama nywele," alimwambia binti yangu, maana alishajua kazi yake. "Ukizichana upande mmoja kila siku, mwisho zinalala upande huo zenyewe. Sehemu moja imeumia. Tunataka kuifundisha sehemu nyingine ishike kazi yake. Lakini ni kuchana kila siku, mama. Kila siku."

Tulitoka tumefurahi. Pale mezani pa mapokezi, karani akatuharibia furaha. Hata macho hakuyainua. "Mkono usiposogea, nafasi anapewa mwingine," alisema. "Watu ni wengi nje."

Chanuo alilisikia neno lile, akaondoka nalo.

Kazi ya nyumbani ilikuwa vibanio vya nguo. Shangazi avitoe kwenye bakuli kwa mkono wa kulia, avibane kwenye kamba iliyofungwa dirishani. Rahisi, eti! Vidole viligoma kufunguka, na vilipofunguka vikagoma kufunga. Kibanio kikaanguka, akakiokota, kikaanguka tena. Jasho lilimtoka kama mtu anayepanda mlima.

Jioni moja nilikuwa barazani nagonga soli, nikasikia bakuli likibamizwa chini.

"Nimechoka!" binti yangu alilia. "Mimi mtu mzima nachezea vibanio! Nitoe hii glovu. Na hiyo bangili itoe, inaniwasha."

"Shangazi, kidogo tu..."

"Nimesema itoe!"

Chanuo aliitoa. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Akirudi kutoka shule anamkuta shangazi yake kalala, uso ukutani, glovu kaitupa. Mimi nilifikiri anapumzika tu. Sikujua bangili inakwenda wapi.

Bangili ilikuwa mkononi mwa Chanuo. Aliivaa akifagia uwanja. Aliivaa akifua sare yake. Aliivaa akiruka kamba na rafiki yake wa jirani, ambaye tulimwita Redio kwa kuwa akianza kusema hazimiki.

"Hee, saa hiyo umeipata wapi?" Redio alimuuliza.

"Si saa."

"Basi inasema saa ngapi?"

"Nimekwambia si saa! Shika kamba, uzungushe."

"Na nywele zako utasuka lini? Kichwa kimekuwa kiota, ndege watataga."

"Namsubiri shangazi yangu," Chanuo alijibu, akaruka.

Ikafika siku ya kurudi hospitali. Tuliingia wote watatu katika chumba cha mazoezi. Kulikuwa na meza ndefu, mipira ya kuminya, ngazi ya mbao isiyokwenda popote, na kompyuta pembeni. Mtaalamu akaiunganisha bangili, akatazama, akapiga makofi.

"Mama! Mkono huu umefanya kazi kuliko mkono wowote tulionao! Ngoja nimwite Daktari Mkuu."

Binti yangu aliutazama mkono wake kama anautazama wa mtu mwingine. Chanuo alikuwa anakagua kiatu chake.

Daktari Mkuu, aliyeongoza utafiti ule, aliingia, mrefu, miwani kapandisha kwenye paji la uso. "Vizuri sana. Hebu tuone." Akaweka bakuli la vibanio mezani.

Binti yangu akanyoosha mkono. Vidole vikatetemeka, vikakigusa kibanio, kikaanguka. Akajaribu tena. Kikaanguka. Daktari akashusha miwani machoni, akaitazama kompyuta, akaurudia mkono.

"Hii ni ajabu," alisema polepole. "Mkono umefanya kazi kiasi hiki chote, na vidole havijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo kwa ugonjwa kama wake, mazoezi haya hayasaidii. Samahani, mama. Hatuwezi kuendelea kukutesa kwa kitu kisichokufaa. Na wengine wenye hali kama yako, nao itabidi tuwasimamishe."

Binti yangu aliinamisha uso. Chozi likadondokea glovu.

Mimi damu ikanipanda. "Nilijua!" nikasimama. "Nilijua mtatufanya hivi! Ninyi wakubwa ndivyo mlivyo. Mnaanza, mnaacha. Mama yake mlimwacha, sasa na huyu..."

"Babu, nyamaza."

Nikageuka. Katika nyumba yangu hakuna mtoto aliyewahi kuniambia ninyamaze. Chanuo alikuwa amesimama, ameshika ncha za sketi yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, daktari," alisema, ingawa alishamwamkia. "Si kosa lenu. Mkono uliosogea ni wangu mimi. Shangazi alikuwa amechoka, nikaivaa bangili. Nilifagia nayo. Nilifulia nayo."

Mtaalamu akaisogelea kompyuta. "Na hapa jioni, mkono unazunguka, unazunguka, hausimami?"

"Hapo nilikuwa naruka kamba."

Mtaalamu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamcheza. Hata binti yangu, na machozi yake, alicheka. Daktari Mkuu ndiye hakucheka. Alivuta kiti, akaketi, uso wake ukawa usawa wa uso wa mtoto.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Tuliambiwa mkono usiposogea, nafasi anapewa mwingine. Nilitaka Shangazi abaki."

"Nani aliwaambia?"

"Yule wa mezani," nikadakia mimi. Siku zote niko tayari kwa swali kama hilo.

"Na mimi nina kosa," binti yangu akasema. "Niliivua. Nilipoona mnanisifu nikakaa kimya. Mtoto amenitangulia kusema."

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Sikiliza, binti. Ulitaka kumsaidia shangazi yako, na ulikuwa karibu kumnyima dawa yake. Kompyuta haina macho. Inaamini inacholetewa. Umeiletea mkono wako mzima, nayo ikatuambia mazoezi hayafai kitu. Ungenyamaza, tungewanyima na watu wengine ambao huwajui. Mkono usiposogea, tunataka kujua kwamba haukusogea. Hiyo nayo ni habari, na kwetu ni habari muhimu."

"Ndiyo, daktari. Mtamtoa?"

"Hatumtoi. Zile siku za kamba tutazifuta, tuanze upya. Na lile neno la mezani si kweli. Hatufukuzi mtu kwa sababu mkono wake ni mzito. Hilo ni kosa letu, mzee. Ilitupasa tuwaeleze vizuri."

Alinitazama mimi. Miaka mingi nilikuwa nimesubiri mkubwa mmoja aniambie maneno hayo, na majibu nilikuwa nayo yamejaa kifuani. Siku yalipokuja nikaitikia "Ahsante" tu, nikakaa.

Mtaalamu akamshika binti yangu bega. "Na mimi nimekosea jambo. Nimekupa vibanio, wewe huna haja na vibanio. Unataka mkono wa nini?"

"Wa kusuka."

"Basi suka."

Jioni ile ile nilitoa kwenye sanduku langu la kazi kamba nene za viatu, nikazifunga tatu tatu kwenye mgongo wa kiti. Glovu ilikuwa imebadilishwa. Ya sasa ilimruhusu kushikilia tu kwa mkono wa kushoto. Kupindua na kupitisha ilikuwa kazi ya mkono wa kulia. Binti yangu akaketi mbele ya kile kiti kama anavyoketi nyuma ya mteja.

"Mteja, kaa vizuri," Chanuo alikiambia kiti. "Usitikisike."

"Mteja huyu angalau hasengenyi watu," shangazi yake akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kumsikia akitania.

Usidhani mambo yalinyooka. Kuna siku kamba zilisukika, kuna siku zilifungamana mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuzifungua. Kuna siku alilia, akaivua bangili. Siku hizo Chanuo aliiweka bangili mezani, akaiacha hapo, naye akaenda kuruka kamba mikono mitupu. Wakifika hospitali alisema wazi, "Hapa Shangazi alikataa," na Mtaalamu akaitikia, "Sawa, tuendelee." Kamba nene zikageuka kamba nyembamba. Nyembamba zikageuka nyuzi za kushonea viatu. Kidole gumba ndicho kilichoamka kwanza, kikifuatwa na cha shahada. Vingine vikafuata kwa uvivu.

Shuleni walimcheka Chanuo kwa nywele zake zisizosukwa. Redio alimwambia mama yake angemsuka. Chanuo akakataa, akazichana tu kila asubuhi na kuzibana nyuma.

Halafu Jumapili moja mchana, binti yangu akaweka mkeka barazani, akaketi kwenye kigoda. "Njoo hapa," alisema. "Leta kitana."

Chanuo aliketi katikati ya magoti yake. Mimi nikajifanya nashona kiatu, ila sindano ilikuwa haiendi. Mkono wa kulia ukapanda, ukatetemeka juu ya kichwa cha mtoto, ukashuka. Ukagawa nywele. Ukashika fungu, ukapindua, ukapitisha. Ukaponyokwa, ukarudia. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ulipokwisha mstari mmoja, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, binti yangu alikuwa amelowa jasho, na mimi nilikuwa nimeinuka bila kujijua.

Mstari wenyewe ulikuwa umepinda. Ulianza vizuri, ukakata kona juu ya sikio, ukarudi.

"Ngoja nifumue nirudie," alisema binti yangu.

"Usiuguse!" Chanuo alikishika kichwa chake kwa mikono yote miwili.

Kesho yake alikwenda nao shuleni. Redio alimsubiri njiani, na nikasikia sauti yake kutoka barazani. "Wee! Nani kakusuka? Mstari umelewa huo!"

"Umepinda, ndiyo. Kausuka shangazi yangu kwa mkono wake wa kulia."

Redio alinyamaza. Nadhani ndiyo mara pekee.

Tulipokwenda hospitali, Daktari Mkuu aliuzunguka ule mstari kama mtu anayekagua daraja jipya. Kwenye benchi la nje alikuwepo seremala mmoja, mkono umemlegea kama ulivyokuwa wa binti yangu, ndiyo kwanza kavalishwa bangili. Akamuuliza Chanuo, "Mjukuu, hiki kitu kinasaidia kweli?"

Chanuo akainamisha kichwa amwoneshe. "Kinasaidia, babu, ila polepole. Kuna siku mkono utakataa. Ukikataa, waambie umekataa."

Seremala akaugusa ule mstari kwa kidole chake kizima, akatabasamu.

Njiani kurudi nilimshika mjukuu wangu mkono. "Bibi yako," nilimwambia, "alikosa dawa kwa sababu kabla yake hakuna aliyekusanya ukweli. Wakubwa walilala, na hilo sitaacha kulisema. Lakini wewe umekusanya ukweli wa shangazi yako, na wa aibu ukautaja pia. Ukweli hata ukiwa mdogo, daktari anapata pa kuanzia. Ule uongo wako ulikuwa mkubwa, na ulikuwa karibu kumfungia mlango. Shika hilo, mama."

"Nimelishika, Babu."

Mbele yetu binti yangu alikuwa anatembea, mguu ukiburuzika kidogo, kitana kikiwa mkono wa kulia. Wapita njia waligeuka kukitazama kile kichwa chenye mstari uliopinda. Chanuo akakiinua zaidi, na mimi nikapunguza mwendo ili wote wamwone.